Bado ya Mama

Karakana ya Vitabu,
Chumba cha Mwisho Kushoto,
Nyuma ya Posta.

Jumatano, 11 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Kabla ya lolote, u hali gani? Mgongo wako unaendeleaje, na je, unaulalia ule ubao aliokushauri daktari, au umeshaurudisha kwa seremala? Wifi hajambo? Kile kikohozi chake cha wakati wa baridi kimemwachia? Na watoto wanaendeleaje na masomo? Mwambie yule mdogo kwamba shangazi yake ameupokea mchoro wake wa ng'ombe mwenye miguu sita na ameubandika ukutani, juu ya meza ya gundi. Bibi yake aliutazama kwa muda mrefu akasema ng'ombe huyo haanguki ng'o.

Sisi huku ni wazima. Najua umelifikia neno hilo "wazima" na umekunja uso. Nivumilie, nitalieleza.

Nakuandikia kwa sababu Jumapili, kabla ya kunikatia simu kwa mara ya tatu, ulisema: "Ukiwa na hoja iandike, nimechoka kupigiwa kelele." Haya, Kaka. Nimekaa kitako, na mezani hapa hakuna wa kupigiwa kelele isipokuwa kopo la gundi. Barua hii ataibeba binti wa Mama Mdogo, yule muuguzi, anayesafiri kesho asubuhi. Atafika kwako Ijumaa. Nimemwapisha aikabidhi mkononi mwako, si kwa mlinzi wala kwa Wifi, maana Wifi ana huruma na anaweza kukuficha kitu cha kukukera. Wakili anakungoja Jumamosi saa nne na ile karatasi. Una jioni moja tu ya kunisoma. Nisome ukiwa umeshakula.

Tusizunguke. Karatasi hiyo ina mambo mawili. La kwanza, chumba hiki cha karakana unampa muuza simu wa mtaa wa pili. La pili, Bwana Mkubwa anakwenda kwenye hoteli mpya. Chuma hicho chetu cha kukandamizia vitabu, chenye gurudumu ulilokuwa ukiling'ang'ania utotoni na kulizungusha kama usukani wa lori, kinakwenda kusimama kwenye ukumbi wa wageni ili watu wakiegemee na kupiga picha. Kisha Mama aje kwako, kwenye chumba ulichomwandalia, chenye zulia na kiti cha kuegemea, apumzike.

Wewe unaliita jambo hili kumpumzisha. Mimi Jumapili nililiita wizi, na hapo ndipo ulipokata simu. Neno hilo nalirudisha mdomoni mwangu na kulimeza. Hukutaka kumwibia mtu. Ulitaka kumwokoa Mama, na uliamua hivyo kwa taarifa niliyokupa mimi, na taarifa yenyewe ilikuwa mbovu. Hapo ndipo penye aibu yangu, na ningependa tuimalize mapema ili nipate nguvu za kugombana nawe vizuri.

Wiki tatu zilizopita uliniandikia kwenye simu: "Mama na kazi vipi, bado?" Nilikuwa na brashi ya gundi mkono mmoja na jalada mkono mwingine. Nikabonyeza kwa kidole gumba: "Bado." Nikaendelea na kazi, maana gundi ikishapakwa haikupi nafasi ya mazungumzo. Wewe ulikuwa unauliza kama hajarudi kazini. Mimi nilidhani unauliza kama angali yumo kazini. Nikakujibu ndiyo kwa neno ambalo kwako lilikuwa hapana. Kwako Mama alikuwa amekaa, ameshindwa. Kwangu alikuwa mbele yangu, miwani puani, akinilaumu kwamba ninapaka gundi kama mtu anayepaka mkate siagi.

Miaka kumi na tisa gazeti linanilipa nisahihishe maneno ya watu. Nimewahi kununiana na mhariri wiki nzima kwa sababu ya koma. Nimewaambia mabwana wenye shahada tatu kwamba hawajui wanachokisema. Na neno la silabi mbili, ambalo mtoto wa miaka miwili analijua, limenikwaza na karibu liitoe karakana ya mama yangu mikononi mwake.

Nilipokueleza kwamba bado yangu haikuwa bado yako, ulisema, "Usinichezee maneno, Kengele, hiyo ndiyo kazi yako." Jina hilo mlinipa nikiwa na miaka sita kwa sababu sikuweza kunyamaza, na sijawahi kulikataa. Lakini sikukuchezea. Naomba uniamini katika hili moja, kisha mengine unipinge.

Sasa sikia hoja. Hata kama bado yangu ingekuwa ile yako, hata kama Mama angekuwa hajashika sindano tangu kiharusi kilipompata miezi minane iliyopita, ni nani aliyetufundisha kwamba mtu akipoteza kitu kimoja tumnyang'anye na vyote vilivyobaki, halafu tuite hivyo mapumziko? Mkono umelegea, basi mwondoleeni na meza. Hawezi kufunga vifungo, basi mwondoleeni na mtaa. Nimesoma vitabu vingi kuhusu watawala walivyowanyang'anya watu ardhi kwa kusema hawajui kuilima. Nimevisoma vingine hapa hapa, vikiwa vimebanwa ndani ya Bwana Mkubwa, gundi haijakauka. Sikudhani siku moja nitamsikia kaka yangu akizungumza kwa sauti ile ile ya upole.

Na jambo lingine, kwa kuwa nimeshaanza. Mama amefanya kazi katika chumba hiki miaka arobaini na moja. Marehemu Baba aliandika jina lake mwenyewe kwenye hati, kisha akaandika la kifungua mimba wake. Jina la Mama halimo. Ndiyo maana wakili anakungoja wewe, uliye mbali, wala hamngoji yeye aliyekaa hapa. Hukuitunga sheria hiyo, Kaka. Ila Jumamosi kalamu itakuwa mkononi mwako.

Nimetulia. Nimekunywa maji. Nitakuambia sasa yale niliyokuficha, maana huwezi kuamua sawasawa kwa taarifa nusu, na mimi ndiye niliyekuwa nakupa nusu.

Mwezi wa pili wa ugonjwa Mama alianguka kwenye ngazi tatu za mlango wa karakana. Hakuvunjika, lakini alikaa chini pale nje, sketi imejaa vumbi, na fundi viatu wa jirani akamwinua. Sikukuambia. Hawezi kufunga vifungo vya nguo yake, namfunga mimi, na kila asubuhi ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeuua mkono huo. Sikukuambia. Kuna siku alijaribu kuingiza uzi kwenye tundu la sindano, akajaribu tena, akaiweka sindano chini taratibu na kulia bila sauti. Nilijifanya napanga karatasi. Hilo nalo sikukuambia, kwa sababu nilijua utasema, "Si unaona?"

Ndiyo, naona. Naona na yaliyofuata.

Baada ya siku ile ya kulia alikaa wiki nzima haji karakana. Jumatatu iliyofuata akaja, akaketi kwenye kigoda chake karibu na dirisha, akaomba fungu moja la kurasa. Unakumbuka jinsi anavyoshona kitabu: kurasa zinakunjwa mafungu mafungu, kila fungu linawekwa juu ya lenzake ukingoni mwa meza, na sindano inapita mgongoni. Mkono mmoja unashona, mwingine unabana ili kurasa zisiteleze. Zamani alikuwa na lile jiwe lake bapa la kumsaidia kubana. Jiwe lilipotea tulipohamisha makabati, na tangu hapo amelilalamikia kama mtu aliyefiwa.

Siku hiyo aliushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauinua kama unavyoinua paka aliyelala, akauweka juu ya kurasa. Ukatua. Mzito, hautikisiki. Akaanza kushona kwa kushoto. Alishona vibaya, Kaka, mishono kama meno ya mtoto. Lakini kurasa hazikuteleza hata kidogo. Akanitazama akasema, "Lile jiwe langu, kumbe limerudi."

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Sikutoka kwa sababu ya kicheko.

Amekuwa akishona hivyo kwa miezi mitano sasa. Ni polepole. Daftari la mahakama lililokuwa likimchukua asubuhi moja sasa linamchukua siku mbili na robo. Karani wa mahakama analalamika, kisha analeta mengine, kwa sababu kuna karakana nyingine mtaani inayobandika kurasa kwa gundi tupu, na madaftari yake yanamwaga kurasa mbele ya hakimu.

Kitabu cha kwanza alichokimaliza kilikuwa cha yule mkunga mstaafu wa mtaani, unamjua, mrefu, mwenye sauti ya kiume. Alileta madaftari yake yote ya miaka thelathini, kila mtoto aliyempokea na saa yake, akataka yashonwe yawe kitabu kimoja. Mama alimaliza, akatia jalada la kitambaa cha kijani, mkunga akaja kukichukua, akafungua katikati. Fungu moja zima limeshonwa juu chini. Nilitamani ardhi inimeze. Mama akanyoosha mkono wa kushoto kukidai.

Mkunga akakigeuza kitabu, akakigeuza tena, akasema, "Hili limekuja miguu kwanza. Mbona nimewapokea wengi wa namna hii, na wako mitaani wanasumbua watu."

"Nipe nilifumue," Mama akasema.

"Ulifumue ya nini? Mtoto akishatoka hatumrudishi."

Walicheka wote wawili, vikongwe wale, mpaka fundi viatu akachungulia. Na taarifa kwako, Kaka: nimelitazama fungu hilo. Umo. Mstari wa saba kutoka juu, au kutoka chini, inategemea umeshikaje kitabu. Kwa hiyo usininyooshee kidole sana kuhusu mambo yaliyokaa kichwa chini.

Sasa nije kwa dalali wako, uliyemtuma apime chumba. Sitaki kumsema vibaya, ni mtu wa adabu, na viatu vyake vinang'aa. Huku tumempa jina Bwana Futi. Alikuja juzi Jumatatu na utepe wa kupimia, akasalimu, akaanza kupima ukuta mmoja baada ya mwingine. Mama alikuwa dirishani, anashona. Bwana Futi akafika kwake, akasimama.

"Shikamoo Mama. Samahani, naomba usogee kidogo nipime hapo ulipo."

"Marahaba. Hapo nilipo ni mita nne na robo mpaka mlangoni. Andika."

"Lazima nipime mwenyewe, Mama."

"Basi pima, mimi sisogei. Nina kurasa chini ya mkono."

Akazungusha utepe nyuma ya kigoda, akaupitisha juu ya mabega ya Mama kama mshonaji anayempima suti. Mama hakuinua uso. Utepe ulipogusa shingo yake akauliza, "Na mimi nimeandikwa, au mnaniacha?"

Mtu huyo, Kaka, alitokwa na jasho. Akanitazama mimi. Nami nikainamia kopo langu la gundi. Kwa sababu Mama hakuwa anajua habari za karatasi. Wewe ulikuwa hujamwambia, ukingoja mambo yakamilike. Mimi nilikuwa sijamwambia, nikingoja niyavunje kwanza. Dalali ndiye aliyemwambia, kwa utepe.

Alipoondoka, Mama alimaliza fungu lake, akakata uzi kwa meno, akasema atakwenda nyumbani mapema. Jana hakusema nami chochote isipokuwa "lete" na "weka." Unamjua akiwa hivyo. Ni afadhali akupige.

Leo sikwenda gazetini, nimeanza kuiandika barua hii saa mbili asubuhi, na nilitaka iishie hapa. Nilitaka nimalizie kwa maneno makali kuhusu Bwana Mkubwa, jinsi Baba alivyomleta kwa mkokoteni, jinsi mikono yake ilivyolichubua rangi lile gurudumu, na jinsi mtoto anayempeleka huyo akapigwe picha hotelini asivyostahili kuitwa mtoto. Nilikuwa nimeshaiandika aya hiyo. Ilikuwa nzuri. Nimeichana, na nitakuambia kwa nini.

Nilipoimaliza aya hiyo niliweka kalamu chini. Mama alikuwa amefika na kukaa mahali pake, akaniuliza ninamwandikia nani kurasa zote hizo. Nikamwambia ni wewe. Akasema, "Nisomee." Nikamsomea yote, na ile aya ya Bwana Mkubwa, tena kwa sauti, nikisubiri anipongeze. Alisikiliza huku amelaza mkono wake juu ya daftari la karani. Nilipomaliza akasema:

"Umeandika vizuri. Ni nani kati yenu aliyeniuliza?"

Kaka, nikaziweka kurasa mezani.

"Mmoja anataka kuondoa vyote, mwingine anataka kubakiza vyote," akasema. "Mnafanana ninyi. Hakuna aliyetazama ninachokitumia."

Nikaanza kujitetea. Nikasema mimi nipo hapa kila siku nikitoka gazetini, mimi ndiye ninayemwona, mimi ndiye ninayempigania. Akaniacha nimalize. Kisha akanyoosha kidole cha kushoto kuelekea kwenye kona.

"Kile chuma. Mara ya mwisho umekiona kikizunguka lini?"

Nikahesabu miezi nyuma. Hakijazunguka tangu augue, kwa sababu kuzungusha gurudumu lile kunataka mikono miwili yenye nguvu. Wake ni mmoja, na mimi nilitegua bega mwezi wa tatu wa ugonjwa nilipojaribu, jambo jingine ambalo sikukuambia. Miezi mitano hii vitabu vyote tumevikandamiza kwa mbao mbili na matofali manane, kama alivyokuwa akifanya kabla Baba hajamleta Bwana Mkubwa. Mimi nilikuwa nayabeba matofali hayo kwa mikono yangu na sikuwa nimeona maana yake. Chuma kimekuwa mahali pa kutundikia mkoba wangu.

"Lakini ni cha Baba," nikasema.

"Baba yenu alikinunua kunifurahisha. Nikafurahi. Sasa kinanizibia mwanga." Akapiga meza kidogo kwa kiganja. "Wapeni hao wa hoteli. Mahali pake niwekeeni meza ya pili, matofali yakae juu yake, nisiiname. Lakini chumba hiki sitoki. Dirisha hili ninalijua. Najua jua linafika wapi saa ngapi, ndiyo maana naweza kuingiza uzi kwa mkono mmoja. Huko kwa kaka yako dirisha liko upande gani?"

Sikujua. Je, wewe unajua, Kaka? Chumba ulichomwandalia, dirisha lake liko upande gani?

Nilibishana naye. Sitakudanganya kwamba nilikubali mara moja. Nilisema mtu hawezi kumtoa Bwana Mkubwa kama kabati bovu. Nilisema mengi, nikataja historia, nikataja heshima. Akaniambia, "Kengele, unakipenda kile chuma kuliko unavyoupenda mkono wangu," akarudi kwenye kushona. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi tatu za mlango, zile alizoangukia, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu tuanze ugomvi huu, nikajisikia mimi ndiye niliyekosea zaidi kati yetu wawili. Wewe uko mbali, una sababu ya kutomwuliza. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwenye kigoda chake. Nimejaza kurasa za kumtetea mtu ambaye sikumwuliza anataka nini.

Sasa ombi, si langu tena, ni lake. Jumamosi nenda kwa wakili kama mlivyopanga. Jambo la kwanza, la chumba, lifute. Usiseme utalifikiria, usiseme mwezi ujao, lifute kwa wino mbele ya wakili. Muuza simu ana miguu, atapata chumba kingine. Jambo la pili, la Bwana Mkubwa, saini. Mimi Kengele, niliyekuita mwizi kwa ajili ya chuma hicho, nakuomba usaini. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaisoma tena, na sijaifuta.

Ukimwona wakili, muulize pia inagharimu nini kuliingiza jina la Mama kwenye hati. Hilo Mama hajaniambia nikuombe. Hilo ni langu, na nitaendelea kukupigia kelele kwa ajili yake mpaka mmoja wetu azeeke.

Kuhusu kuja kwako, amekubali, ila kwa kutembea tu. Atakuja watoto wakifunga shule, wiki tatu, na sindano zake. Ameuliza pia kama kile kiti cha kuegemea kinaingia kwenye gari, na kama kinaingia, kwa nini kikae huko peke yake. Sikucheka mbele yake. Fikiria na hilo.

Na ukiona hili haliwezekani, ukisaini yote mawili kama yalivyo, nitajua Jumamosi mchana, maana Bwana Futi amesema atapigiwa simu hapo hapo na atakuja na funguo mpya. Sitamzuia mlangoni wala sitapiga kelele. Nitakaa tu kwenye kigoda cha pili karibu na Mama, na Bwana Futi atatupima wote wawili.

Nisalimie Wifi, mwambie dawa ya kifua aliyoniulizia nimempa muuguzi pamoja na barua hii. Wasalimie watoto, na hasa mchora ng'ombe, mwambie tunangoja mnyama mwingine, miguu yoyote. Fundi viatu anakusalimu na anasema viatu ulivyomwachia miaka minne iliyopita ameshavichoka kuvitazama. Mama Mdogo anakusalimu, amekonda lakini ulimi haujakonda. Mkunga anakusalimu, na anasema tangu siku aliyokupokea alijua utakuwa mtu wa haraka.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, auponye mgongo wako, na Jumamosi aushike mkono wako kabla haujashika kalamu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikukemea, na leo nikikemewa pamoja nawe,

Kengele

Nilikuwa nimeshaikunja barua Mama aliposema ana neno lake. Nikataka kumshikia karatasi isiteleze. Amekataa. Ameuinua mkono wake wa kulia, ameutua juu ya karatasi, na ameandika hapo chini kwa kushoto. Imemchukua muda mrefu. Nimemwambia aongeze neno la pili, tusije tukarudia kosa lile lile. Amesema wewe ni mwanawe, safari hii utaelewa.

Bado.

Mama